Kukusanya au Kufasiri? Ujenzi wa Mfumo Huria wa Kompyuta na Istilahi Zake katika Kiswahili

1. UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kueleza kazi moja ambayo sisi wa idara za lugha tumezoea kuwaachia wenzetu wa sayansi, yaani kazi ya kuugeuza mfumo wa kompyuta kutoka maandishi yanayosomwa na binadamu hadi umbo linalotiiwa na mashine. Nia yetu si kumfanya mwalimu wa Kiswahili awe mhandisi. Tunataka kuonyesha kwamba kazi hiyo, ikitazamwa kwa makini, ni kazi ya lugha tangu mwanzo hadi mwisho. Kwamba neno tunalolitumia kuitaja linaficha jambo hilo. Na kwamba Kiswahili kinayo maneno yaliyo bora zaidi, ambayo wanafunzi wetu wa taaluma ya fasiri huyasoma kila mwaka.

Swali lililozaa makala haya liliulizwa Kombewa, katika eneo la Seme, kaunti ya Kisumu, nyumbani kwa mwandishi. Mwandishi alikuwa amekwenda likizo na kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika miaka mingi, naye mpwa wake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta, akaomba wajenge pamoja mfumo uitwao Haiku kutoka maandishi yake ya asili. Kazi ilipoanza, feni ya mashine ilivuma usiku kucha. Asubuhi mama akauliza, kwa Dholuo, kile kitu kilikuwa kikisaga nini hata kisimalize. Kijana akamjibu nyanya yake kwa neno la Kiingereza, akaona halikufika, akajaribu Kiswahili, akasema, "Inakusanya." Nyanya akauliza, "Inakusanya nini?" Kijana hakuwa na jibu. Mwandishi, ambaye hulipwa mshahara kwa kufundisha istilahi, hakuwa nalo pia.

Katika kulitafuta jibu hilo tutaanza na mfumo wenyewe na historia yake, kisha tufuate hatua za ujenzi mmoja baada ya nyingine. Baada ya hapo tutazichunguza istilahi, tugusie suala la uaminifu wa fasiri, na mwisho tuone jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoguswa na mambo haya.

2. MFUMO WA HAIKU NA MAANA YA UHURIA

Mfumo endeshi ni programu kuu ya kompyuta. Huo ndio unaogawa kumbukumbu ya mashine, unaopanga zamu za programu nyingine, unaohifadhi mafaili diskini, na unaopokea kila herufi ipigwayo kwenye kibodi. Msomaji aliyewahi kutumia Windows amewahi kutumia mfumo endeshi, ingawa hakupata kuyaona maandishi yaliyouzaa.

Haiku ni mfumo wa aina hiyo, ila ni wa majaribio. Toleo lake la tano la hatua ya beta lilitolewa Septemba 2024, na hadi wakati huo watengenezaji wake walikuwa hawajautangaza kuwa umekamilika. Jina lake limetokana na shairi fupi la Kijapani lenye mishororo mitatu ya mizani tano, saba na tano. Wapenzi wa ushairi wataona kwamba haiku nzima ina mizani 17, yaani inauzidi kwa mizani moja tu mshororo mmoja wa shairi letu la nane kwa nane. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo, kwa maana kivinjari cha mfumo uliotangulia kilikuwa na desturi ya kumpa mtumiaji taarifa za makosa kwa umbo la haiku.

Mfumo huo uliotangulia uliitwa BeOS. Kampuni ya Be, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Jean-Louis Gassée, aliyewahi kuwa kiongozi katika kampuni ya Apple, iliutengeneza na kuuuza. Mwaka 2001 mali ya kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Palm, na maendeleo ya BeOS yakakoma. Waliokuwa wakiutumia mfumo huo walibaki na nakala zilizofanya kazi, lakini hawakuwa na maandishi ambayo nakala hizo zilitokana nayo. Hawakuweza kuurekebisha wala kuuendeleza. Kwa hivyo mwaka huohuo wa 2001 walianza kuandika mfumo mpya ili utende kama ule wa zamani ulivyotenda. Mwanzoni waliuita OpenBeOS, na mwaka 2004 wakaupa jina la Haiku. Toleo la kwanza la hatua ya beta lilipatikana Septemba 2018, miaka 17 baada ya kazi kuanza.

Habari hii inatufunza tofauti ambayo haitoki nje ya ujuzi wa mtu yeyote wa Kombewa aliyewahi kupeleka mahindi kwenye kinu cha posho. Mahindi yakishasagwa huwa unga, na unga ndio tunaoupikia. Lakini unga huliwa tu, haupandwi. Mwenye kupewa unga peke yake atashiba leo, na msimu wa mvua ukifika atamrudia mwenye mbegu. Wapenzi wa BeOS walikuwa na unga. Walipoamua kutafuta mbegu, ikawapasa waizalishe wao wenyewe.

Programu ambayo maandishi yake ya asili hutolewa pamoja na idhini ya kuyatumia huitwa programu huria. Dhana hii ilipata msukumo mkubwa mwaka 1983, Richard Stallman alipoutangaza mradi wa GNU huko Marekani. Yeye na wenzake walikuja kuuchambua uhuria katika haki nne: kuitumia programu kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwagawia wengine nakala zake, na kuwagawia wengine nakala zilizobadilishwa. Waandishi wa Kiingereza wamelazimika kueleza mara kwa mara kwamba neno lao moja, lenye maana ya uhuru na pia ya kutolipa, halihusu bei. Kiswahili hakina taabu hiyo. Tunalo bure na tunalo huru, na kutokana na huru tumepata huria, kama katika soko huria. Hapa lugha yetu imetangulia, nasi hatuna sababu ya kuiga utata wa wengine.

3. HATUA ZA UJENZI

3.1 Kupata maandishi

Maandishi ya Haiku huhifadhiwa katika ghala mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzinakili kwa mtandao. Ghala ya kwanza ni ya mfumo wenyewe, ulioandikwa kwa kiasi kikubwa katika lugha ya C++. Ghala ya pili ni ya zana za ujenzi. Huchukuliwa kwa programu iitwayo Git, ambayo haileti maandishi ya leo tu, bali pia kumbukumbu ya mabadiliko yaliyofanywa: nani alibadilisha mstari gani, lini, na kwa sababu gani. Mhakiki wa miswada ataitambua hazina hiyo. Ni kana kwamba tungepata utenzi wa kale pamoja na kila rasimu yake na sababu ya kila neno lililofutwa.

3.2 Kumtengeneza mfasiri

Kabla ya mfumo kugeuzwa, huna budi kutengeneza chombo cha kuugeuza. Chombo kikuu hapa ni GCC. Ugumu ni kwamba GCC iliyomo katika kompyuta ya kawaida yenye mfumo wa Linux huzalisha programu za kutumika katika Linux hiyohiyo, ilhali tunahitaji programu za mfumo ambao bado haupo katika mashine yetu. Kwa hivyo GCC ya zamani hutumiwa kwanza kutengeneza GCC mpya, inayoishi katika Linux lakini inayozalisha kwa ajili ya Haiku. Yaani tunamtumia mfasiri wa kwanza kumzaa mfasiri wa pili ajuaye lugha ya kule tuendako.

Wala si ajabu kuuliza, huyo wa kwanza alitengenezwa na nani? Na yeye alitengenezwa na aliyemtangulia. Mnyororo huo unarudi nyuma hadi enzi ambapo watu waliandika amri za mashine kwa mkono. Tutalirudia jambo hili katika sehemu ya tano.

3.3 Kugeuza

Zana zikiwa tayari, programu ndogo iitwayo Jam husoma orodha zinazoeleza ni kipi hutegemea kipi, kisha huita GCC ishughulikie maelfu ya mafaili, moja moja. Hapa ndipo feni ilipovuma usiku kucha. Tutazame yanayotokea kwa mstari mmoja mdogo:

jumla = bei + kodi;

Kwanza mstari hukatwa vipande vyenye maana: jumla, alama ya usawa, bei, alama ya kujumlisha, kodi, na nukta-mkato. Vipande ni sita. Kazi hii ni sawa na ile ya msomaji anayetenga maneno katika sentensi. Pili, vipande hupangwa katika mti wa kisarufi: upande mmoja kinachopewa thamani, upande wa pili usemi wenye kujumlisha. Kanuni za mti huo zina nasaba na isimu yetu. Noam Chomsky alizieleza aina za sarufi katika makala yake ya mwaka 1956, na mwaka 1959 John Backus aliwasilisha mjini Paris namna ya kuandika kanuni za lugha ya programu ambayo, baada ya kuboreshwa na Peter Naur, ilitumika kuieleza lugha ya ALGOL 60. Wapo waliotambua baadaye kwamba Panini, mwanasarufi wa Kisanskriti, alikuwa ametumia mbinu inayofanana nayo zaidi ya miaka elfu mbili kabla yao.

Tatu, hukaguliwa upatanisho. Katika C++ kila jina hutangazwa aina yake kabla ya kutumika. Ikiwa bei imetangazwa kuwa namba, na kodi kuwa kitu kisichoweza kujumlishwa na namba, GCC hukataa na kutoa taarifa ya kosa. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji mfano mwingine ila ngeli. Sentensi "Kitabu limeanguka" ina kiima na kiarifu mahali pake, lakini haipatani. Msikilizaji ataielewa na pengine atacheka. Mashine haicheki wala haiendelei.

Nne, usemi hupunguzwa na kupangwa upya ili utekelezwe kwa haraka. Na tano, huandikwa katika amri za kichakataji, ambazo ni namba tupu. Katika safari hii kuna vinavyopotea. Majina jumla, bei na kodi, ambayo yangeweza kuwa ya Kiswahili, ya Kiingereza au ya Dholuo kwa vile mashine haijali, hutoweka. Yale maelezo ya pembeni ambayo waandishi huwaandikia wenzao, kama vile "usibadilishe mstari huu kabla ya kusoma ule wa juu", huachwa kabisa. Kinachobaki ni tendo bila nia ya mtendaji.

3.4 Kuunga na kufunga

Kila faili likishageuzwa hutoa kipande kimoja cha amri. Vipande hivyo havijui vilipo vingine. Kimoja husema tu kwamba kinahitaji huduma fulani ya jina fulani. Chombo kingine huvikusanya pamoja, hutafuta kila huduma ilipo, na kuandika anwani yake. Baadaye programu zilizokamilika hutiwa katika vifurushi, na vifurushi katika faili moja kubwa, ambalo huweza kuandikwa kwenye diski ndogo ya USB na kuiwasha kompyuta.

Siku ya pili umeme ulipotea Kombewa, na betri ya mashine, kwa uzee wake, haikustahimili hata dakika kumi. Umeme uliporudi jioni kazi haikuanza upya, kwa sababu Jam hulinganisha tarehe: ikiwa kipande kilichogeuzwa ni kipya kuliko maandishi yake, hukiacha. Hata hivyo ujenzi ulikwama katika hatua ya kuunga. Baada ya saa nzima tuligundua kipande kimoja kilichokuwa kikiandikwa wakati umeme ulipokatika. Tarehe yake ilikuwa mpya, lakini ndani hakikuwa kamili. Jam ilitazama tarehe na kuridhika. Tulikifuta kipande hicho, kazi ikaendelea, na usiku huo Haiku ikawaka. Mwalimu aliyewahi kupokea tasnifu iliyotimiza tarehe bila kutimiza mengine ataielewa hali hiyo.

4. SUALA LA ISTILAHI

Sasa tulirudie swali la nyanya. Kazi ya hatua ya 3.3 kwa Kiingereza huitwa compile. Vijana wetu wengi husema kukompaili. Wanaotaka Kiswahili husema kukusanya, kwa kuwa ndiyo maana tunayoipa neno hilo tunapozungumzia mtungaji wa kamusi au mhariri wa diwani.

Ni haki kukiri kwamba neno hilo lilikuwa na sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Grace Hopper, katika Marekani, alitengeneza mfumo ulioitwa A-0. Mfumo huo ulisoma orodha ya namba, na kwa kila namba ukachukua kutoka katika kanda kipande cha amri kilichokwisha kuandikwa, ukaviweka vipande hivyo pamoja. Hapo mashine ilikusanya kwelikweli. Lakini kazi ilibadilika na jina likabaki. Mwaka 1957 Backus na wenzake katika kampuni ya IBM walitoa FORTRAN, ambayo ilipokea kanuni zilizoandikwa kwa namna ya kihesabu na kuzigeuza kuwa amri za mashine. Na jina lenyewe FORTRAN ni kifupi cha maneno yenye maana ya kufasiri kanuni. Tangu hapo kazi kuu ya chombo hiki imekuwa kufasiri.

Kukitafsiri kisawe cha Kiingereza bila kuichunguza dhana ni kosa tunalowakanya wanafunzi wetu, nasi tumelitenda hapa. Kukusanya kuna kasoro tatu. Kwanza, hakutaji kinachotendeka. Pili, kunainyima istilahi hatua ya 3.4, ambayo ndiyo hasa ya kukusanya. Tatu, na hili ndilo kubwa, anayekusanya hashughuliki na lugha mbili. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mashine inakusanya, hatauliza ni nini kilichopotea njiani. Akiambiwa kwamba inafasiri, atauliza.

Kiswahili kinaweza kuupanga uwanja huu vizuri zaidi ya lugha tulikoazima. Taaluma ya fasiri imekwisha kutupa matini chanzi na matini lengwa. Maandishi ya mwandishi wa programu ni matini chanzi. Amri za mashine ni matini lengwa. Wengine hutumia msimbo chanzo, nasi hatulipingi neno hilo lililokwisha kuenea. Ila tunakumbusha kwamba msimbo huashiria maandishi ya kificho, ilhali katika kazi hii matini chanzi ndiyo inayosomeka, na kilicho kificho ni kile kinachotoka mwishoni.

Kadhalika tunatofautisha mfasiri na mkalimani. Mfasiri huipokea matini nzima, huenda mbele na kurudi nyuma, kisha hutoa kazi iliyokamilika ambayo husomwa yeye akiwa hayupo. Mkalimani husimama kati ya wasemaji wawili na kugeuza usemi baada ya usemi. Akiondoka, mazungumzo hukatika. Tofauti hiyohiyo imo katika kompyuta. Programu ya C++ hugeuzwa yote kabla ya kutumika, na GCC haihitajiki tena. Programu ya Python aghalabu huendeshwa na chombo ambacho lazima kiwepo kila inapotumika. Ijapokuwa siku hizi njia hizi mbili huchanganywa, dhana zenyewe ziko wazi, na Kiswahili kinazo tayari.

Yafuatayo basi ndiyo mapendekezo yetu. Kwa kuwa kiambishi ki- hutupatia vyombo, kama katika kivinjari na kichakataji, chombo cha kugeuza matini nzima kiitwe kifasiri. Kile cha kugeuza papo kwa papo kiitwe kikalimani. Na kile cha kuunga vipande kiitwe kikusanyi, ili kukusanya kupate mahali pake pa haki. Kazi yote, tangu kunakili hadi kufunga vifurushi, tuiite kujenga, kama wengi wasemavyo tayari.

Huenda ikapingwa kwamba kufasiri programu kutachanganywa na kuzifasiri menyu zake kwa Kiswahili. Jibu ni kwamba muktadha hutenga, na pale usipotenga tunaweza kusema kufasiri kiolesura. Mchanganyiko huo ni mdogo kuliko upotofu wa neno lisilotaja kitu chake.

5. UAMINIFU WA KIFASIRI

Tukishakubali kwamba hii ni fasiri, maswali ya taaluma yetu huja yenyewe, na la kwanza ni la uaminifu. Je, tutajuaje kwamba matini lengwa inasema kile ambacho matini chanzi inasema?

Kombewa ina uzoefu wake wa swali hilo. Kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI kilichoko huko kilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyoshiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Katika utafiti wa namna hiyo hati ya ridhaa haina budi kueleweka kwa mzazi katika lugha yake. Njia inayotumika sana ulimwenguni ni hati kufasiriwa na mtu mmoja, kisha mwingine asiyeiona ile ya asili huirudisha katika lugha ya kwanza, na mbili hizo hulinganishwa. Panapotofautiana, fasiri hurekebishwa.

Matini lengwa ya mashine hairudishiki kwa namna hiyo. Unaweza kuigeuza iwe maandishi ya aina fulani, lakini majina, maelezo na mpangilio wa mwandishi havirudi. Unga hauwi mahindi. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alichapisha mhadhara alioutoa alipopokea tuzo ya Turing, akaeleza hatari iliyomo. Kifasiri kinaweza kutiwa hila ya namna mbili: kinapofasiri programu ya kuingilia mfumo, kiongeze mlango wa siri, na kinapofasiri kifasiri kipya, hata kama matini chanzi yake ni safi, kikitie hila ileile. Baada ya hapo msomaji anaweza kuikagua matini chanzi yote asione kitu, kwa kuwa hila haimo katika maandishi. Imo katika mfasiri. Waitalia walikwisha kusema zamani kwamba mfasiri ni mhaini. Hapa usemi huo umekuwa maelezo ya kiufundi.

Dawa iliyopatikana inafanana na ile ya hati za ridhaa: matini chanzi ileile ipewe vifasiri viwili vyenye asili tofauti, au ijengwe na watu wawili mahali tofauti, na matokeo yalinganishwe. Lakini dawa hiyo humfaa tu aliye na matini chanzi. Aliyepewa matini lengwa peke yake hana cha kulinganisha, ameachiwa imani.

6. NGELI NDANI YA MATINI CHANZI

Msomaji anaweza kusema kwamba yote haya ni ya wahandisi, na kwamba mwanalugha atosheke kufasiri menyu. Kazi ya menyu ina heshima yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria ya kazi za ofisi, na pamoja nalo ukaleta istilahi nyingi. Baadaye kampuni ya Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office. Lakini palipo na menyu pekee, Kiswahili huwa mgeni aliyekaribishwa barazani.

Tuchukue mfano. Katika Haiku, mwandishi wa programu huyazungushia maneno ya kuonyeshwa mtumiaji alama B_TRANSLATE. Maneno hayo hupelekwa katika faili la orodha, ambamo kila mstari una sehemu nne: maneno ya Kiingereza, muktadha, maelezo kwa mfasiri, na fasiri. Tuseme mwandishi ameandika ujumbe mmoja wa kutaarifu kwamba kitu fulani kimefutwa, akaacha nafasi ya jina la kitu chenyewe. Kwa Kiingereza ujumbe huo hutosha kwa vitu vyote. Kwa Kiswahili, tutaandika nini baada ya nafasi hiyo? Faili limefutwa, picha imefutwa, kitabu kimefutwa, wimbo umefutwa. Mfasiri wa menyu haruhusiwi kuandika manne. Nafasi yake ni moja.

Suala la idadi limekwisha kushughulikiwa. Kanuni za kimataifa zinazotumiwa na mifumo mingi huipa kila lugha maumbo yake ya idadi, na Kiswahili kimepewa mawili, umoja na wingi, kwa hiyo picha 1 imefutwa na picha 3 zimefutwa huwezekana. Lakini kanuni hizo huuliza ni vingapi. Haziulizi ni vya ngeli gani. Wafasiri wengi huikwepa shida kwa kusema "Umefuta", ili kitenzi kipatane na mtumiaji badala ya kitu. Ni ujanja mzuri, ila humtwika mtumiaji kosa hata pale mashine ilipojifutia yenyewe.

Suluhisho la kweli halimo katika orodha ya maneno. Limo katika matini chanzi, mahali ambapo mwandishi alidhani kwamba ujumbe mmoja unatosha. Hapo panahitaji kubadilishwa ili kila aina ya kitu iwe na ujumbe wake, au ibebe alama ya ngeli. Mpwa aliandika programu ndogo ya kupanga picha na nyimbo, akaijaribu njia hii ndani ya Haiku tuliyoijenga. Alibadilisha mistari michache, kifasiri kikafasiri upya faili hilo moja tu, na baada ya dakika chache mashine ikaandika "Nyimbo 2 zimefutwa" na "Wimbo 1 umefutwa". Ni jambo dogo. Lakini halingewezekana kwa programu iliyofungwa, hata mfasiri angekuwa bingwa wa namna gani.

7. HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuujenga mfumo kutoka matini chanzi ni kufasiri, pamoja na kukusanya kwa mahali pake. Kwamba Kiswahili kina istilahi za kuyatenganisha mambo haya. Na kwamba mwanalugha anayebaki katika menyu hawezi kuitetea hata ngeli. Tunapendekeza idara zetu zikae na idara za kompyuta kabla ya orodha za istilahi kuchapishwa, si baada yake, na kwamba wanafunzi wa fasiri waonyeshwe, japo mara moja, ujenzi wa programu huria tangu matini chanzi hadi mashine kuwaka. Kompyuta kuukuu na subira vinatosha.

Kuhusu nyanya, jibu lilikuwepo nyumbani muda wote. Katika Dholuo kitenzi loko humaanisha kugeuza, na ndicho kitumikacho pia kwa kufasiri. Jioni ya tatu kijana alimwambia kwamba mashine ile ilikuwa ikigeuza maneno ya watu yawe maneno ya mashine. Nyanya akataka kujua kama inaweza kuyarudisha. Alipoambiwa kwamba haiwezi, alisema basi wayatunze vizuri yale ya kwanza.